Barua ya Wazi: Saa Tano ya Usiku Ina Bei Yake Nakuru

Kwa Waziri wa Usalama wa Ndani, kwa Gavana wa Kaunti ya Nakuru, na kwa waheshimiwa wa Bunge la Kaunti.

Hamjambo, waheshimiwa.

Mimi ni msimamizi wa baa ndogo katikati ya jiji la Nakuru. Baa si yangu. Mwenyewe hulala kwake, na mimi ndiye ninayebaki na hesabu, funguo, na mlango unaogongwa usiku. Nawaandikia kuhusu saa ya kufunga. Najua mtu wa baa akilalamika, msikilizaji wa kwanza huguna na wa pili huuliza kama amelewa. Sijalewa. Ni asubuhi, sakafu inapigwa deki, na nina mambo ambayo nimeyanyamazia muda mrefu kwa sababu kuyasema ni kujitafutia wageni wasioalikwa.

Sheria mnaijua kuliko mimi. Ni Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo Mkenya yeyote anaiita kwa jina la aliyeipeleka bungeni, John Mututho, wakati huo mbunge wa Naivasha, humu humu katika kaunti yetu. Baa ya kawaida ifunguliwe saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na saa nane mchana wikendi na sikukuu. Kufunga ni saa tano usiku, siku zote. Sina ugomvi na sheria hiyo kwa jumla. Ndiyo iliyoondoa marufuku ya chang'aa ya mwaka 1980 ili itengenezwe kwa viwango na ilipiwe leseni. Ndiyo iliyosema baa ikae angalau mita 300 kutoka shuleni. Mwenye akili timamu hawezi kupinga hayo, na mimi nina watoto wanaosoma.

Ugomvi wangu ni na saa tano. Kwa mfanyakazi anayetoka dukani saa mbili, akapanda matatu, akala, akabadilisha nguo, saa tano ni mapema mno. Hata hivyo ningeivumilia kama ingekuwa saa tano kwa kila mtu. Tembeeni Ijumaa yoyote kwenye Kenyatta Avenue na barabara zake za pembeni, saa saba usiku, mhesabu milango iliyofungwa kweli. Sizungumzii klabu zenye leseni ya klabu, hizo zina saa zao. Nazungumzia baa kama yangu. Zote ziko wazi, na zote zinavunja sheria, na kila anayepaswa kujua anajua. Baadhi yenu, kwa heshima zote, mmewahi kukaa ndani yake saa hizo, na walinzi wenu nje wakila mtura kwenye kibanda cha jirani. Siku hizo gari la msako huwa halipiti kabisa.

Siku nyingine linapita. Husimama mbele ya mlango bila kuzima injini. Anashuka mtu mmoja tu, wa pili hubaki akitazama simu. Anayeshuka haombi kuona leseni ya vileo, wala kibali cha biashara, wala cheti cha afya cha wafanyakazi, wala ile stakabadhi ya muziki, ingawa zote zimetundikwa ukutani kwenye fremu na zote tumezilipia. Anauliza, "Boss, leo mnaendelea?" Swali lina jibu moja. Sitasema ni maafisa wa idara gani, kwa sababu wamekuwa wa idara tofauti, na kwa sababu kesho nitakuwa hapa hapa.

Pesa hizo lazima ziandikwe mahali, la sivyo hesabu ya asubuhi haitulii. Katika daftari letu kuna mstari unaoitwa "maji". Mhasibu mpya alipokuja aliniuliza baa ya viti arobaini inakunywaje maji mengi hivyo. Nilimwambia Nakuru kuna vumbi. Alicheka, na tangu siku ile hajauliza tena, lakini mstari ule ni mrefu kuliko wa stima. Uko juu ya ada za kaunti tukigawanya kwa miezi. Hautoki kwenye faida ya mwenye baa, maana yeye faida yake haiguswi. Unatoka kwenye mishahara, kwenye saa za ziada zisizolipwa, na kwenye bei ya chupa.

Ndiyo maana nasema saa tano imekuwa na bei. Sheria isiyoweza kufuatwa na mtu haimfungi mwenye baa. Humpa nguvu yule anayeweza kuamua leo asiione na kesho aione. Mngeandika saa tisa usiku na kuisimamia kwa haki, nguvu hiyo ingepungua usiku huo huo, kwa sababu kwenye baa kama yetu wateja wenyewe huwa wameisha saa nane. Mngeandika saa mbili usiku, ingeongezeka maradufu.

Na kuna jambo la hatari zaidi ya pesa. Niwaeleze saa tano inavyofika kwenye baa inayojaribu kuonekana imefunga. Dakika kumi kabla, weita wanakimbizana na bili, kwa sababu mteja akitoka bila kulipa ni weita anayekatwa. DJ anashusha sauti, besi inatoka kabisa. Taa za nje zinazimwa. Mlango wa mbele, ule wa chuma, unavutwa na kufungwa kwa kufuli, kwa ndani, watu thelathini wakiwa wameketi. Funguo naziweka mfukoni mwangu. Mlango wa nyuma nao una komeo na mnyororo, kwa sababu huko ndiko wanakotokea wanaotaka kuingia bila kuonekana. Juu ya mlango huo huo kuna kibao cha kijani kilichoandikwa njia ya kutokea wakati wa dharura, na kando yake cheti cha zimamoto, chenye muhuri wa kaunti. Jikoni kuna gesi. Kuna wavutaji sigara ambao sasa hawawezi kwenda nje. Mimi huketi karibu na mlango usiku kucha kama mtu anayelinda gereza, na sidhani kuna meneja mjini asiyejua ninachosema. Baa iliyo wazi saa saba, mlango ukiwa wazi, ni salama kuliko hiyo. Siku moto utakapotokea kwenye moja ya baa hizi, mtakuja na kamera na mtauliza nani aliyefunga mlango.

Wale wanaotii kweli nao wana mkasa wao. Sheria hiyo hiyo inasema anayepatikana barabarani amelewa na kufanya fujo atozwe faini isiyozidi shilingi 500, au kifungo kisichozidi miezi mitatu. Weita wetu mmoja, dada wa kanisa ambaye haonji hata bia, alifunga kazi saa tano kamili siku tuliyofunga kweli. Hakupata matatu ya kwenda Free Area, akaanza kutembea. Alipakiwa garini pamoja na walevi. Alitoka akiwa amelipa zaidi ya faini ya mlevi, bila risiti. Alichoniambia asubuhi ni kwamba afadhali siku tunazojifungia ndani, angalau anangoja kukuche.

Sasa nije kwenye siasa, maana saa hizi hazikuanguka kutoka mbinguni. Kila jambo la pombe likitokea nchini, amri inatoka jukwaani, na kitu cha kwanza kinachotajwa ni saa. Februari 2024 watu walikufa Kangai, kule Kirinyaga, kwa kunywa kinywaji chenye sumu. Mungu awarehemu. Iliripotiwa kwamba kinywaji hicho kilikuwa kimetoka kwenye vidhibiti vilivyohifadhiwa katika kituo cha polisi. Tarehe 6 Machi, Profesa Kindiki, wakati huo Waziri wa Usalama wa Ndani na sasa Naibu Rais, akatangaza hatua zaidi ya ishirini, na miongoni mwake ni baa zote zifuate saa kumi na moja hadi saa tano. Baadhi ya hatua zile zilikuwa na maana: kukagua viwanda, kukagua leseni. Lakini saa tano ilikuwa inazuia nini? Sumu haina saa. Waliokufa Kangai hawakufa kwa kuchelewa kwenda nyumbani.

Hapa Nakuru amri ile ilitekelezwa kwa bidii kwa majuma matatu hivi. Halafu ikafika Pasaka, Machi 28 hadi 31, na Safari Rally ikawa Naivasha. Aliyekuwa Vasha wikendi ile anajua muziki ulizimwa saa ngapi, kama ulizimwa. Magari ya serikali yalikuwepo. Viongozi walikuwepo. Mimi sikuona ubaya wowote. Vijana walikuja na pesa, hoteli zikajaa, waendeshaji boda wakalipa karo, na kwa miaka yote tangu mashindano yale yarudi kwenye kalenda ya dunia mwaka 2021, kaunti hii imekuwa ikijivunia. Ninachouliza ni hiki: mji ule ule uliompeleka Mututho bungeni uliwezaje kukesha wikendi nzima bila nchi kuanguka, na mimi nikifungua hadi saa sita Jumanne na wateja wanane nikawa mhalifu? Tofauti ni kwamba wageni wa Naivasha walikuwa wageni wenu.

Tuliyaona hayo wakati wa korona pia. Sitaki kusemwa nabeza ugonjwa ule, nimezika watu. Ila tarehe 26 Machi 2021 kaunti tano zilifungwa, yetu ikiwemo, kafyu ikaletwa hadi saa mbili usiku, na baa zikafungwa kabisa hadi Mei. Sawa, tulikaa nyumbani. Wenzetu wa Kisumu walipata ya kwao mwezi uliofuata. Tarehe 1 Juni serikali yote ilihamia huko kwa Madaraka Dei, uwanja ukajaa, watu wakajipanga barabarani kutazama msafara. Kabla ya mwezi kuisha, Kisumu na kaunti nyingine kumi na mbili za ukanda wa ziwa na magharibi zikaambiwa maambukizi yamepanda na kila mtu awe ndani saa moja jioni. Saa moja jioni Kondele ndipo watu wanapoanza kuwasha jiko la samaki! Rafiki yangu anayepiga gitaa la benga huko aliuza kipaza sauti mwezi ule, na baadaye gitaa. Oktoba 20 kafyu ikaondolewa, tena jukwaani, katika sherehe za Mashujaa kule Kirinyaga, na umati ukapiga vigelegele kana kwamba umepewa zawadi. Saa zetu zilifungwa kwa hotuba na kufunguliwa kwa hotuba.

Mwezi Julai 2025 ilizinduliwa sera mpya ya kitaifa ya pombe na dawa za kulevya. Umri wa kunywa upande hadi miaka 21, vileo visiuzwe kwenye supamaketi wala mtandaoni, na mengineyo. Nchi ilipopiga kelele tukaambiwa hayo ni mapendekezo tu. Mimi nimeacha kuyahesabu mapendekezo. Najua tu kwamba kila likitolewa pendekezo, gari lile husimama mlangoni wiki hiyo na kuuliza kama tumesikia habari.

Niseme na la majirani, maana wao ndio wenye haki zaidi katika mjadala huu na ndio mnaowatumia sana. Mimi mwenyewe nimepanga nyumba ambayo ukuta wake unatazamana na klabu. Sufuria zangu hutetemeka kwenye rafu. Mwanangu wa darasa la saba husomea jikoni kwa sababu jikoni ndiko mbali kidogo. Kwa hiyo sitetei kelele. Lakini someni kanuni za NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, za mwaka 2009 kuhusu kelele. Kwenye kanuni hizo usiku huanza saa mbili, na kiwango kinachoruhusiwa usiku ni desibeli 35, hata katika maeneo ya biashara. Maana yake klabu iliyo karibu nami huvunja sheria saa tatu nzima kabla ya saa tano yenu kufika, na baa yenye wazee wanne wanaocheza drafti saa sita usiku haimkosei mtu. Mkiwa na nia ya kumsaidia jirani, nunueni vipima sauti, mfundishe maafisa wa kaunti kuvitumia, mpime, mtoe onyo la maandishi, na asiyesikia mumnyang'anye leseni. Saa ya kufunga haimsaidii mwanangu. Wanapofunga saa tano kwa amri, wateja humalizia chupa barabarani chini ya dirisha letu, na hapo hata hakuna wa kulalamikiwa.

Na kuna wanywaji ambao saa tano haiwagusi hata kidogo. Utafiti wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulionyesha kwamba mtu mmoja kati ya wanane wa umri wa miaka 15 hadi 65 nchini hutumia pombe, na eneo la Magharibi ndilo linaloongoza, kwa kiwango cha karibu mara mbili ya kile cha Kati. Magharibi haiongozi kwa sababu ya klabu. Inaongoza kwa busaa na chang'aa ya nyumbani, ile inayopikwa nyuma ya nyumba na kuuzwa tangu alfajiri. Huku kwetu pia ipo, na mnajua iko mitaa gani. Hapo hakuna mlango wa kufunga, hakuna leseni ya kunyang'anya, hakuna saa. Mnywaji wangu nikimtoa saa tano akiwa na shilingi mia mbili mfukoni, hakosi pa kwenda nazo. Anakwenda mahali ambapo hamjui kinachomiminwa.

Kina mama wanaoandamana wakilia kwamba waume na vijana wao wameisha, nawaelewa. Wangekuwa na kituo cha kurekebisha walevi cha umma ambacho mwana wa maskini anaweza kuingia bila kuuza shamba, nadhani wasingewasumbua sana. Kujenga kituo ni miaka na bajeti. Kutangaza saa ni dakika mbili na kipaza sauti, na kura za mwaka 2027 haziko mbali. Aliyekuwa Naibu Rais mwaka 2023 alitaka kila mji uwe na baa moja. Walimshangilia pia.

Kwenu bunge la kaunti nina neno la pekee. Katiba ya mwaka 2010, Jedwali la Nne, imewapa kaunti leseni za vileo na udhibiti wa kelele. Haikusema mkusanye ada halafu mkae kimya waziri akiamua saa. Mchana mnanipa karatasi kwa muhuri wenu, na usiku mtu asiye wa kwenu ananiuliza karatasi ya aina nyingine. Mnajua, mnanyamaza, na mwaka ukiisha mnapandisha ada. Angalau mngesimama mkasema saa za Nakuru ziamuliwe Nakuru, kwa mitaa: katikati ya jiji saa zake, Section 58 na Milimani saa zao, na penye shule au hospitali saa zao nyingine. Mwite vikao vya umma, na visiitwe Jumanne saa tatu asubuhi hotelini ambako watu wa usiku hawawezi kufika. Njooni jioni, kwenye ukumbi wa mtaa, mkae na wenye nyumba, na mama wa supu, na waendeshaji boda, na walimu, na wahubiri, na sisi. Nina hakika wahubiri watatushinda kwenye baadhi ya mitaa. Wakishinda, tutafunga.

Kwako Waziri, ombi langu ni dogo. Kila kikosi kinachokuja kwenye baa usiku kije na hati yenye jina la afisa, nambari yake, na kosa lililoandikwa, na kila faini ilipwe kwa njia inayotoa risiti. Kama ni saa tano, nipelekwe kortini nikajibu kwa hakimu. Nitakwenda. Nimechoka kuulizwa kama tunaendelea.

Na Gavana, kabla ya leseni za mwaka ujao kutolewa, tuma watu wa zimamoto wakague milango ya nyuma saa sita usiku, si saa sita mchana. Wasije na polisi, waje peke yao. Nitawafungulia mwenyewe, kwa kuwa funguo ninazo, na waandike watakachokiona.

Jibu mnaweza kulichapisha kwenye gazeti rasmi la kaunti, au mkalibandike kwenye lango la ofisi zenu, pale tunapopanga foleni ya leseni.

Wenu,
Msimamizi wa baa,
Nakuru